Tembe za kutuliza kichwa zinapogeuka chanzo cha maumivu

MAUMIVU ya kichwa ni miongoni mwa maradhi yanayompata takriban kila mtu, na pengine ndiyo sababu ni wachache mno wanaoyapeleka kwa daktari. Kichwa kikianza kugonga, mtoto hutumwa dukani akanunue tembe mbili, mgonjwa huzimeza kwa maji au kwa chai, kisha huendelea na shughuli zake.

Mara nyingi njia hiyo hufaa, wala haina dosari. Tatizo huzuka pale tembe hizo zinapoacha kuwa msaada wa siku moja moja na kuwa desturi ya kila wiki, hatimaye ya kila siku. Hapo dawa ile ile iliyokuwa ikituliza maumivu huanza kuyafanya yarejee mara kwa mara, hadi mgonjwa asahau ni lini alipoamka mara ya mwisho kichwa chake kikiwa chepesi.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Kwa mgonjwa wa aina hii, methali hiyo humtia mtegoni, kwa kuwa kila tembe anayoimeza ili kuuzima moto huwa ni kuni nyingine anayoiongeza jikoni.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba maradhi ya kichwa ya aina mbalimbali yaliwaathiri watu wapatao bilioni 3.1 duniani mwaka 2021, yaani takriban asilimia 40 ya watu wote. Kuhusu maumivu yanayoletwa na dawa zenyewe, shirika hilo linasema yanaweza kuwapata hadi asilimia tano ya watu katika baadhi ya jamii, na kwamba wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume.

Wengi wa wagonjwa hao huwa katika umri wa makamo, wakati mtu anapotegemewa na familia na mwajiri wake kwa pamoja. Hata hivyo, vijana walio shuleni hawajanusurika, hasa wale ambao tayari wana kipandauso.

Nchini Kenya, dawa za kutuliza maumivu hupatikana kwa urahisi mkubwa. Mbali na maduka ya dawa, tembe za kawaida huuzwa katika maduka makuu, vioski vya mitaani na hata kwa wachuuzi katika vituo vya matatu. Mteja anaweza kununua mbili tu zilizokatwa kutoka kwenye pakiti, bila karatasi ya maelezo, na bila kuulizwa ni mara ya ngapi kuzinunua mwezi huo. Kwa upande mwingine, madaktari bingwa wa ubongo na neva ni wachache, na wengi wao huhudumu katika miji mikubwa. Baina ya kioski kilicho hatua chache kutoka mlangoni na bingwa aliye mbali na ghali, si ajabu mgonjwa akachagua kioski.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Chama cha Kimataifa cha Maumivu ya Kichwa, ambacho huainisha maradhi haya kwa matumizi ya madaktari kote duniani, kinayatambua maumivu yatokanayo na matumizi ya dawa kupita kiasi kuwa ugonjwa unaojitegemea. Katika toleo la tatu la mwongozo wake, lililochapishwa mwaka 2018, mgonjwa huhesabiwa kuwa na hali hiyo akitimiza mambo matatu.

Kwanza, awe anaumwa na kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi. Pili, awe alikuwa na ugonjwa wa kichwa tangu awali, aghalabu kipandauso au yale maumivu ya kukazwa kichwa kana kwamba kimefungwa kwa kamba. Tatu, awe ametumia dawa za kutuliza maumivu kupita kiasi kwa zaidi ya miezi mitatu.

Sharti hilo la pili lina uzito wake. Watu wanaomeza dawa za maumivu kila siku kwa sababu ya ugonjwa wa viungo, lakini ambao hawajawahi kusumbuliwa na kichwa, kwa kawaida hawapati tatizo hili. Ni yule ambaye kichwa chake tayari kina udhaifu ndiye anayenaswa, naye ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuzitafuta dawa hizo.

Hesabu siku, si tembe

Swali ambalo wengi hujiuliza ni tembe ngapi zinatosha kuleta madhara. Kuhusu ugonjwa huu, swali hilo si sahihi. Kinachohesabiwa ni idadi ya siku za mwezi ambazo mtu ametumia dawa. Anayemeza tembe nne katika siku moja ya kipandauso kikali kisha akapumzika wiki mbili, yumo katika hatari ndogo kuliko anayemeza tembe moja tu kila asubuhi.

Kwa dawa za kawaida zenye kiungo kimoja, kama vile parasetamoli, aspirini na ibuprofeni, mpaka uliowekwa ni siku 15 kwa mwezi. Kuanzia hapo, mtu huhesabiwa kuwa ametumia kupita kiasi.

Kwa makundi mengine mpaka uko chini zaidi: siku 10 tu kwa mwezi. Miongoni mwa hayo ni dawa mahsusi za kipandauso, yaani ergotamini na jamii ya triptani. Dawa za jamii ya afyuni, zikiwemo kodeini na tramadoli. Na tembe zinazochanganya dawa zaidi ya moja, kwa mfano aspirini, parasetamoli na kafeini ndani ya tembe moja. Vilevile, mtu anayebadilisha dawa, leo hii na kesho ile, hujumlishiwa siku zake zote, na mpaka wake ni hizo hizo 10.

Tembe za mchanganyiko ndizo zinazostahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ni nyingi madukani na wanunuzi wengi huzijua kwa jina la kibiashara pekee. Anayezimeza siku tatu kwa wiki amekwisha kuuvuka mpaka kabla ya mwezi kwisha. Isitoshe, kafeini iliyomo huongezeka juu ya ile ya chai na kahawa, na mwili uliozoea kafeini huweza kulalamika kwa maumivu ya kichwa ukiikosa kwa siku moja tu.

Namna mtu anavyonaswa

Chukua mfano wa mwanamke anayeuza nguo za mitumba katika soko la Gikomba jijini Nairobi, ambaye tangu usichana wake hupatwa na kipandauso mara mbili kwa mwezi. Maumivu hushika upande mmoja wa kichwa, mwanga humkera na tumbo humchafuka. Tembe mbili humtuliza.

Mwaka mmoja biashara inakuwa ngumu na usingizi unapungua. Kipandauso kinamjia kila wiki. Kwa kuwa hawezi kufunga kibanda, anaanza kumeza tembe mapema, kichwa kinapotoa ishara ya kwanza. Baadaye anazimeza hata kabla ya ishara, ili siku isiharibike. Nguvu ya dawa inapokwisha mwilini alfajiri, anaamka na maumivu mengine, tofauti na yale ya zamani: yameenea kichwa kizima, hayapigi kwa nguvu, lakini hayaondoki. Anameza tembe mbili, yanapungua kwa saa chache, yanarudi.

Baada ya miezi sita hukumbuki, ukimuuliza, siku aliyokosa kumeza dawa. Yeye anaamini ugonjwa wake umekomaa na unahitaji dawa kali zaidi. Jirani anamwambia ni presha. Mwenye duka anampa tembe mpya. Hakuna aliyemuuliza swali moja: kwa mwezi, unameza dawa siku ngapi?

Mfano huo unabeba dalili kuu za ugonjwa: maumivu ya karibu kila siku, yanayokuwa mabaya zaidi wakati wa kuamka, yanayotulizwa na dawa kwa muda mfupi tu, na ambayo yamezidi kadiri dawa zilivyozidi. Aidha, baadhi ya wagonjwa hupata kichefuchefu, uchovu, hasira za haraka na ugumu wa kutuliza fikra.

Ieleweke kwamba mtu huyu si mzembe wala si mlevi wa dawa. Alifanya kile ambacho pakiti ilimwahidi. Lawama haimfai, na mara nyingi humfanya afiche idadi ya tembe anazotumia, jambo linalomnyima daktari ufunguo wa tiba.

Kwa nini hutokea

Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Yanayohisi ni mishipa ya damu na utando unaouzunguka, na habari zake husafirishwa na neva kubwa ya uso hadi kwenye shina la ubongo. Dawa za maumivu hupunguza au kuzuia habari hizo.

Zinapotumiwa siku nyingi mfululizo, mfumo huo hubadilika. Neva huwa nyepesi kusisimka, na zile njia za asili ambazo ubongo hutumia kujitulizia maumivu hudhoofika. Viwango vya kemikali za ubongo, hasa serotonini, navyo huathirika. Matokeo ni kwamba jambo dogo ambalo zamani lisingemsumbua mtu, kama vile usingizi wa saa moja pungufu, jua kali au kuchelewa kula, sasa hutosha kuamsha maumivu.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kwa wagonjwa wengi hali hii hurekebika dawa zikipunguzwa.

Si ugonjwa wa jana

Madaktari walianza kuung'amua mtego huu zamani. Mwaka 1951, Peters na Horton wa Mayo Clinic nchini Marekani walieleza habari za wagonjwa waliokuwa wakitumia ergotamini kupita kiasi, ambao vichwa vyao vilizidi kuuma dawa ilipokatizwa lakini wakapata nafuu baada ya kuiacha kabisa. Chama cha Kimataifa cha Maumivu ya Kichwa kilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1988, na toleo la pili la mwaka 2004 ndilo lililoupa ugonjwa huu jina linalotumika hadi sasa.

Wakati huo huo, nchi za Ulaya zilikuwa zimejifunza kwa uchungu kwamba dawa za kichwa zikizoeleka huweza kuharibu viungo vingine pia. Katika mji wa Huskvarna nchini Uswidi, unga wa kutuliza maumivu uliokuwa na fenasetini na kafeini, ambao daktari mmoja aliuagiza wakati wa homa ya mafua ya mwaka 1918, uligeuka desturi miongoni mwa wafanyakazi wa kiwandani. Waliutumia kila siku ili kumudu kazi. Miaka mingi baadaye, wengi walipatikana na maradhi ya figo na baadhi wakafa. Fenasetini iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1983.

Dawa hiyo haipo tena katika tembe za leo, lakini funzo lake lipo. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa mfululizo huweza kusababisha vidonda vya tumbo, kuvuja damu tumboni na kudhuru figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu au kisukari. Parasetamoli ni salama kwa tumbo, lakini ikizidi huliangamiza ini. Mtu mzima hapaswi kupita gramu nne kwa siku, yaani tembe nane za miligramu 500, na walio na ugonjwa wa ini au wanaotumia pombe nyingi wanapaswa kukaa chini ya hapo. Wengi huuvuka mpaka huo bila kujua, kwa kuwa parasetamoli imo pia katika dawa nyingi za mafua.

Njia ya kujinasua

Tiba ya kwanza ni kuelezwa. Nchini Norway, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwahusisha madaktari wa kawaida wa vijijini na mijini, ambao waliwaeleza wagonjwa wao kwa muda mfupi tu uhusiano kati ya dawa na maumivu, na kuwashauri wapunguze. Takriban nusu ya waliopewa ushauri huo waliondokana na maumivu ya kila mara. Hawakulazwa, wala hawakupewa mitambo ya bei ghali.

Tiba ya pili ni kuacha au kupunguza dawa inayosababisha tatizo. Parasetamoli, aspirini, ibuprofeni na triptani kwa kawaida huweza kuachwa kwa siku moja. Kwa dawa za jamii ya afyuni, kama kodeini na tramadoli, pamoja na dawa za usingizi, mambo ni tofauti: hizo hupunguzwa polepole chini ya uangalizi wa daktari, kwa kuwa kuziacha ghafla kunaweza kuleta madhara.

Mgonjwa aambiwe ukweli mapema kwamba kabla ya nafuu kuna dhiki. Siku za mwanzo maumivu huzidi, na huweza kuandamana na kutapika, kukosa usingizi na wasiwasi. Kwa kawaida hali hiyo hudumu kati ya siku mbili na 10. Kwa waliokuwa wakitumia triptani huisha upesi, na kwa waliozoea tembe za kawaida huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hivyo ni busara kuchagua wakati usio na mtihani, safari au msimu wa kazi nyingi, na kuwaarifu walio nyumbani. Maji ya kutosha, chakula kwa wakati na dawa ya kuzuia kutapika iliyoagizwa na daktari husaidia. Wengi hukata tamaa katika siku hizi, wakidhani maumivu hayo ni ushahidi kwamba hawawezi kuishi bila dawa, ilhali ndiyo lango la kutokea.

Tiba ya tatu ni dawa za kinga, yaani zile zinazomezwa kila siku ili kuzuia kipandauso kisianze, badala ya kukifukuza kikishaingia. Propranololi na amitriptilini ni za miaka mingi na si ghali. Lakini si kila dawa inamfaa kila mtu: propranololi, kwa mfano, haipewi mwenye pumu. Kwa sababu hiyo huagizwa na daktari, na huhitaji subira ya wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake.

Wataalamu wamejadiliana kwa muda mrefu ikiwa ni lazima kuacha dawa kwanza au inatosha kuanza kinga. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2020, uliowahusisha wagonjwa 120, ulionyesha kwamba njia zote mbili husaidia, ila waliofanya yote mawili kwa pamoja walikuwa na nafasi bora ya kupona. Nao utafiti wa Marekani wa mwaka 2022, wenye wagonjwa 720 wa kipandauso sugu, uligundua kwamba waliopewa kinga na kuendelea na dawa zao za kutuliza walipata nafuu sawa na waliopewa kinga na kubadilishiwa dawa hizo. Kwa hivyo kinga isipuuzwe, na daktari anaweza kuchagua njia inayolingana na hali ya mgonjwa.

Hata baada ya kupona, hatari ya kurudi nyuma ipo. Katika utafiti mmoja wa Ujerumani, takriban wanne kati ya kila wagonjwa 10 walirejelea matumizi ya kupita kiasi katika mwaka wa kwanza. Ufuatiliaji wa daktari katika mwaka huo ni sehemu ya tiba.

Si kila kichwa ni cha kungoja

Yote yaliyotangulia yanahusu maumivu ya muda mrefu yaliyochunguzwa. Yapo maumivu ambayo si ya kuhesabia siku wala kumezea tembe, bali ni ya kukimbizwa hospitalini mara moja.

Miongoni mwayo ni yale yanayoanza ghafla na kufikia kilele kwa muda wa sekunde au dakika. Yanayoandamana na homa na shingo iliyokakamaa. Yanayoleta udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kushindwa kusema, kifafa au kupotewa na fahamu. Yanayofuata pigo la kichwa. Yanayomwanza mtu kwa mara ya kwanza akiwa na zaidi ya miaka 50. Na yanayompata mama mjamzito, hasa akiona maruerue au akivimba uso na mikono.

Kadhalika, kichwa chenye homa katika maeneo ya malaria, kama vile kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani, kipimwe malaria badala ya kunyamazishwa kwa tembe. Pwani, ambako homa ya dengi huzuka mara kwa mara, aspirini na ibuprofeni ziepukwe mpaka ugonjwa ujulikane, kwa kuwa huongeza hatari ya kuvuja damu. Watoto nao wasipewe aspirini bila agizo la daktari.

Na kuhusu ile imani kwamba kila kichwa ni presha, shinikizo la damu mara nyingi halina dalili yoyote. Lipimwe kwa kipimo, lisikisiwe kwa maumivu. Aidha, wanaotumia aspirini ya kiwango kidogo kila siku kwa agizo la daktari wa moyo wasiiache kwa sababu ya habari hizi. Hiyo ina kazi nyingine.

Daftari na kalamu

Kinga ya ugonjwa huu haina gharama. Mtu anayesumbuliwa na kichwa achukue daftari au kalenda ya ukutani, na kila siku aandike mambo mawili: kama kichwa kimeuma, na kama amemeza dawa, akitaja ni ipi. Haba na haba hujaza kibaba, na mwisho wa mwezi kibaba hicho huonekana wazi kwenye karatasi.

Kanuni ambayo madaktari wengi huwapa wagonjwa wao ni rahisi kukumbuka: dawa ya kutuliza kichwa isizidi siku mbili kwa wiki. Anayehitaji zaidi ya hapo hahitaji tembe kali zaidi, bali anahitaji daktari. Anapokwenda kumwona, iwe katika zahanati ya kijijini au hospitali ya kaunti, abebe daftari hilo na pakiti za dawa zote alizotumia, pamoja na zile za kioskini ambazo wengi huona si dawa za kutajwa.

Nao wauzaji wa dawa wana nafasi yao. Wao ndio wanaomwona mgonjwa akirudi mara ya tatu wiki ile ile. Swali moja kabla ya kupokea pesa, la kumuuliza anazimeza siku ngapi kwa mwezi, linaweza kumtoa mtu katika maumivu ambayo ameyabeba kwa miaka.